Moa Anbessa: bendi ya panki ya Uholanzi nyuma ya saksafoni ya Getatchew Mekuria

#1 Mzee wa Santuri (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kwa muda mrefu nimetaka kuandika juu ya albamu moja ambayo naamini inaelezwa vibaya hata na watu wanaoipenda. Inaitwa Moa Anbessa, ilitoka mwaka 2006, na imebeba majina mawili: Getatchew Mekuria, mpuliza saksafoni wa Addis Ababa, na The Ex, bendi ya panki ya Uholanzi. Wengi wanaoizungumzia huanza na Waholanzi, wakasema kwamba bendi hiyo iliathiriwa na muziki wa Ethiopia, wakaishia hapo, kana kwamba Ethiopia ilikuwa kiungo kilichotiwa katika chungu cha mtu mwingine. Mimi naona mambo yalikwenda kinyume. Mzee ndiye aliyeichagua bendi, nyimbo ni za hazina yake, na kazi ya Waholanzi ilikuwa kumwitikia.

Neno panki wengi wetu tulilisikia kwanza kwa kinyozi, kwa hiyo niseme machache juu ya muziki wenyewe. Ulishika kasi New York na London kati ya mwaka 1975 na 1977, ukipigwa kwa haraka na kwa nguvu na vijana ambao wengi wao hawakuwahi kufundishwa ala yoyote. The Ex walianza mwaka 1979, wakati vijana wa Amsterdam na miji ya jirani walipokuwa wakiingia na kuishi katika majengo yaliyoachwa tupu, bila idhini ya wenye mali. Inasimuliwa kwamba jina lao walilichagua kwa sababu linaandikika upesi ukutani kwa rangi ya kupuliza, na kwamba nani apige ala gani liliamuliwa kwa kura. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1980, na tangu hapo santuri zao wamezitoa hasa kwa lebo zao wenyewe. Mwaka 1986 walitoa nyimbo za mapinduzi ya Hispania ya mwaka 1936 pamoja na kitabu kizima cha picha za wakati huo, jambo ambalo wauzaji wengi wa muziki wangeliona kuwa hasara tupu.

Lililo muhimu kwa uzi huu ni kwamba hawakubaki walipoanzia. Kufikia mwaka 1991 walikuwa wamerekodi albamu nzima na Tom Cora, Mmarekani aliyepiga selo, na walikuwa wamezoeana na wanamuziki wa Kiholanzi wa jazi isiyoandikwa, wale wa ICP, kundi lililoanzishwa mwaka 1967 na Misha Mengelberg, Han Bennink na Willem Breuker. Kwa hiyo walipofika Ethiopia kupiga muziki mwaka 2002, walikuwa na zaidi ya miaka 10 ya mazoezi ya kukaa na watu wanaojua kuliko wao.

Sasa tumtazame mzee. Getatchew Mekuria alizaliwa mwaka 1935. Alianza na krar na masinko, ala za nyuzi za kwao, kabla ya kushika klarineti na saksafoni, na mwaka 1949, akiwa na miaka 14 hivi, akaingia katika bendi ya manispaa ya Addis Ababa. Mwaka 1955 alihamia okestra ya ukumbi wa maonyesho wa Haile Selassie I, na mwaka 1965 akaingia okestra ya polisi. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ilikuwa ya ajira ya taasisi, mambo ambayo sisi wa nchi zilizokuwa na bendi za jeshi, polisi na vyama vya wafanyakazi tunayaelewa bila kufafanuliwa.

Ndani ya ajira hiyo alifanya jambo ambalo sijui mwingine aliyelifanya kwa ukamilifu kama wake. Ethiopia ina tungo za vita ziitwazo shellela. Mtu husimama mbele ya wenzake kabla ya mapambano akatamba: hutaja nasaba yake, hutaja ushujaa wa waliomtangulia, humtisha adui, na sauti yake hupanda, hukatika, hutetemeka, ikarudi tena juu. Sisi tungeziita majigambo, au vivugo. Tangu miaka ya 1950 Getatchew aliitoa shellela kinywani akaihamishia kwenye saksafoni ya tena (tenor), na jukwaani mara nyingine alivaa joho la shujaa lenye manyoya ya simba, kwa sababu hakuona kwamba anapiga wimbo wa kufurahisha watu tu, aliona anatamba. Waandishi wa Ulaya humlinganisha na Ornette Coleman na Albert Ayler, Wamarekani waliovunja taratibu za jazi, na wanasahau kwamba yeye alikuwa akilia hivyo kwa saksafoni kabla majina yao hayajajulikana. Albamu yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilirudishwa sokoni na Francis Falceto katika mfululizo wa Éthiopiques, ikiwa namba 14, na hapo wengi wa nje ya Ethiopia ndipo walipomsikia.

Mwaka 2004 The Ex walitimiza miaka 25, wakamwalika Amsterdam, akapiga pamoja na wale wa ICP. Ziara ile ilipokwisha, yeye ndiye aliyewaomba The Ex wawe bendi yake katika albamu yake ijayo. Naomba mlishike hilo. Mzee wa karibu miaka 70, aliyezoea okestra zenye nidhamu ya kijeshi na wapulizaji waliofunzwa, alisikia magitaa yanayokwaruza na ngoma zinazogonga kama mtu anayebomoa mlango, akasema hawa ndio ninaowataka.

Kwa nini? Jibu langu limo katika magitaa. Muziki wa Ethiopia ya nyanda za juu husimama juu ya skeli za sauti tano, na kila skeli ina jina na hisia yake: tezeta, bati, ambassel, anchihoye. Mpiga kinanda aliyefunzwa Kizungu akisikia sauti tano, mkono wake hutafuta sauti nyingine za kuzijaza chini yake, na wimbo hupoteza makali. Terrie Hessels na Andy Moor, wapiga magitaa wa The Ex, hawana mkono huo. Tangu zamani wamepiga magitaa kama watu wanaogonga chuma: kipande kifupi kinarudiwa, kinakwaruzwa, kinakatwa, kinarudiwa tena. Hawazijazi zile sauti tano kwa kitu chochote, bali wanaziacha wazi. Juu ya uwazi huo saksafoni inasimama peke yake kama mtambaji mbele ya kikosi, na sauti ya Getatchew, yenye mtetemo mpana kuliko wa mpulizaji yeyote ninayemjua, inapata nafasi yake yote.

Jambo la pili ni ngoma za Katherina Bornefeld. Nyingi ya nyimbo hizi zinakwenda kwa mapigo sita yanayoweza kuhesabiwa mawili au matatu, mdundo ambao Waethiopia huuita chikchika. Panki huhesabu manne na kukimbia. Katherina hakimbii. Anapiga ngoma kubwa na kengele kama mtu anayeimba kwa mikono, na kwa sababu hiyo bendi nzima inayumba badala ya kutwanga. Nyuma yake Colin McLean, ambaye kwa miaka mingi alikuwa fundi wao wa sauti, ameshika gitaa la besi. Kisha wamo wapulizaji wageni, Xavier Charles wa Ufaransa kwenye klarineti, Brodie West wa Kanada kwenye saksafoni ya alto na Joost Buis wa Uholanzi kwenye tromboni, ambao aghalabu hupuliza mstari mmoja kwa pamoja, kama zilivyofanya bendi za Addis, ili mzee aite nao waitike.

Jina la albamu maana yake ni simba aliyeshinda, maneno ya cheo cha wafalme wa Ethiopia. Naomba michango ya wenye masikio.

#2 Mdadisi

Ndugu mleta uzi, ahsante kwa bandiko lililoandaliwa vizuri. Nina shaka mbili, na nazisema kwa heshima.

Ya kwanza: tumeshuhudia mara nyingi wanamuziki wa Ulaya wakija Afrika, wakachukua mdundo, wakarudi kwao wakajulikana kwa ubunifu, na mwenye mdundo akabaki alipokuwa. Unatuhakikishiaje kwamba hili si lile lile lililovaa nguo za kimaskini? Ya pili: ukishasema kwamba bendi haikimbii, haihesabu manne, na inamwitikia mzee wa okestra ya polisi, kipi kilichobaki cha kuitwa panki?

#3 Mzee wa Santuri

Mkuu Mdadisi, shaka yako ya kwanza ndiyo iliyonifanya niandike.

Ninaposikiliza albamu ya namna hii hujiuliza maswali matatu: nani ametajwa kwanza, nani amechagua nyimbo, na nani angeweza kuondoka kazi ikavunjika. Hapa jina la Getatchew limetangulia. Nyimbo ni za kwao, na muziki wa namna hiyo aliupiga Waholanzi hao wakiwa bado watoto. Ukimwondoa yeye, hakuna albamu. Ukiwaondoa The Ex, kuna albamu nyingine, pengine dhaifu zaidi, lakini ingekuwapo. Isitoshe, hawakuchukua wakaenda. Walizunguka naye Ulaya na Amerika Kaskazini kwa miaka, mwaka 2008 wakapiga naye New York katika viwanja vya Lincoln Center, mwaka 2012 wakatoa naye albamu ya pili, Y'Anbessaw Tezeta, na mara kadhaa walirudi Ethiopia kupiga mbele ya Waethiopia wenyewe, ambao ndio wenye haki ya kwanza ya kuwahukumu.

La pili ni gumu zaidi. Kwangu mimi panki haikai katika kuhesabu manne. Inakaa katika uamuzi wa kutosubiri ruhusa: kushika ala kabla hujaambiwa kwamba unaijua, kutoa santuri bila kumngoja mwenye kampuni, kupiga kwa sauti ya juu jambo unaloliamini. Hayo yote yamo. Na shellela yenyewe ni mtu anayesimama peke yake mbele ya hatari na kupaza sauti. Ndiyo maana nasema mzee aliwatambua. Ukali wa The Ex hakuhitaji kufundishwa kuupenda.

#4 Mpulizaji wa Dansi

Wakuu, mimi hupuliza saksafoni ya tena katika bendi ya dansi hapa Dar es Salaam, na kwa sehemu kubwa nakubaliana na mleta uzi, hasa kuhusu kinanda. Nimejaribu kupiga wimbo wa tezeta na mpiga kinanda wetu, kijana hodari sana, na kila alipoweka sauti zake za kawaida chini ya mstari wangu, uchungu wa wimbo uliyeyuka. Tulipomwomba anyamaze na kumwachia mpiga gitaa la rithimu arudie vipande viwili tu, wimbo ukarudi. Kwa hiyo hoja hiyo naithibitisha kwa kazi ya mikono yangu.

Hata hivyo naona mleta uzi amempa Getatchew upweke ambao hakuwa nao. Unazungumza kana kwamba shellela ilitoka mlimani ikaingia moja kwa moja katika saksafoni. Katikati palikuwa na historia ndefu ya matarumbeta. Baada ya Waethiopia kuwashinda Waitalia huko Adwa mwaka 1896, Urusi ilimpelekea mfalme Menelik ala za shaba pamoja na mwalimu. Mwaka 1924 Ras Tafari, kabla hajawa Haile Selassie, aliwakuta Yerusalemu vijana 40 wa Kiarmenia, mayatima wa mauaji yaliyowapata watu wao, akawachukua hadi Addis Ababa wawe bendi ya serikali chini ya Kevork Nalbandian. Mpwa wake, Nerses Nalbandian, alikuja kuwa mwalimu wa kizazi kizima cha wapulizaji, na ni yeye na wenzake walioshughulika na swali lile lile la jinsi ya kuzipangia skeli za sauti tano sehemu za wapulizaji wengi bila kuziharibu. Getatchew alilelewa katika shule hiyo. Kwa hiyo wale wageni watatu wanaopuliza kwa pamoja nyuma yake hawakuleta jambo jipya. Wanakalia viti ambavyo Waarmenia na wanafunzi wao walivichonga.

Kuna pia ufundi wa pumzi. Mtetemo ule hautoki kwenye taya peke yake kama tulivyofundishwa wengi wetu. Kwa masikio yangu unatoka tumboni na kooni kwa pamoja, kama mtu anayeimba huku analia, na ni mpana kiasi kwamba sauti moja inagusa jirani zake pande zote mbili. Nimejaribu kwa miezi. Nafikia nusu ya wimbo, midomo inachoka. Yeye alipiga namna hiyo akiwa na miaka zaidi ya 70, jukwaani, saa nzima, mbele ya magitaa mawili yaliyofunguliwa hadi mwisho.

#5 Likembe

Salaam kwenu nyote. Mimi ni Mkongomani wa Kisangani, ninaishi Ubelgiji, na nimeguswa kuona uzi huu kwa sababu The Ex wana deni kwetu pia, na deni hilo linasaidia kueleza hoja ya mleta uzi.

Miaka miwili kabla ya Moa Anbessa, yaani mwaka 2004, The Ex walitoa albamu ya santuri mbili iitwayo Turn, iliyorekodiwa na Steve Albini. Ndani yake kuna kipande kilichotokana na muziki wa Konono No 1 wa Kinshasa, kundi la mzee Mingiedi Mawangu. Wasioijua Konono waelewe kwamba chanzo chake ni muziki wa Wazombo wa mpakani mwa Kongo na Angola. Kinshasa ilikuwa na kelele, na likembe, ala ndogo ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, haikuweza kusikika. Basi wakatengeneza vinasa sauti kwa sumaku kutoka katika vipuri vya magari makuukuu, wakaunganisha na vipaza sauti vikubwa vya aina ya vile vya mikutano ya hadhara, na mkwaruzo uliotokea, ambao fundi yeyote wa studio angeuondoa, wao wakauacha na kuupenda. Hakuna aliyewaambia kwamba Ulaya kulikuwa na watu wanaoharibu sauti za magitaa kwa makusudi. Walifika huko kwa njia yao wenyewe, kwa haja ya kusikika.

The Ex walipowasikia walikutana na ndugu. Lebo yao ya Terp ilitoa mwaka huo huo rekodi ya Konono wakipiga jukwaani, Lubuaku. Lakini angalieni tofauti. Katika kipande cha Turn, magitaa yanafanya kazi ya likembe: Wazungu wanaiga, kwa heshima na kwa kutaja jina la mwenyewe, lakini wanaiga. Katika Moa Anbessa hawaigi mtu, kwa sababu mwenyewe yupo chumbani. Mimi husema Turn ni barua waliyowaandikia Waafrika, na Moa Anbessa ni siku mwenyeji alipofungua mlango akawaambia waingie na ala zao.

#6 Mzee wa Santuri

Mpulizaji wa Dansi, nakubali kusahihishwa. Nilivuka historia ya matarumbeta kwa sababu nilikuwa na haraka ya kufika kwenye magitaa, na kwa kuivuka nilimfanya Getatchew aonekane kama mtu aliyeanguka kutoka mbinguni. Nyongeza yako inaimarisha jambo moja: muziki anaoutamba mzee ulikuwa umekwisha kupokea wageni mara nyingi na kuwafanya watumishi wake. Warusi walikuja na ala, Waarmenia wakaja na uandishi wa noti, na bado kilichotoka ni Ethiopia. Waholanzi wa 2006 wamo katika mstari huo huo.

Likembe, umenigusa kwa mfano wa barua. Ongeza hapo kwamba katika Turn hiyo hiyo Katherina anaimba Huriyet, wimbo wa ukombozi wa Eritrea wa mama Tsehaytu Beraki, mpiga krar aliyeishi Rotterdam baada ya kuikimbia vita, na kwamba Terp ilitoa pia albamu yake, Selam. Kwa mtu anayetaka kujua jinsi bendi hii ilivyojifunza, njia iko wazi: kwanza waliimba wimbo wa jirani aliyekuwa ukimbizini katika nchi yao, wakaiga ala ya Kinshasa kwa magitaa, kisha wakawa tayari kukaa nyuma.

Kukaa nyuma si jambo jepesi kwa watu wa panki. G.W. Sok, mwimbaji na mtunzi wa maneno yao tangu mwanzo, alikuwa ndiye sauti ya bendi hiyo kwa zaidi ya miaka 25. Katika Moa Anbessa nafasi kubwa ni ya saksafoni, na mtu aliyezoea kushika kipaza sauti usiku mzima anakubali kusema machache. Kila ninapoisikiliza, ukimya huo wa Sok naupima sawa na sauti za wengine.

#7 Mdadisi

Nimesikiliza kipande cha kwanza tangu jana, na nakiri kwamba nilitarajia kelele zaidi. Mleta uzi, nianzie wapi ili niisikie hiyo hoja ya kuita na kuitika?

#8 Mzee wa Santuri

Kipande hicho cha kwanza, Ethiopia Hagere, yaani Ethiopia nchi yangu, kiache kwanza. Nenda kwenye Musicawi Silt, wimbo uliojulikana kupitia bendi ya Walias mwaka 1977, kwa sababu utaukuta pia katika rekodi hiyo ya zamani na utaweza kulinganisha. Walias wanaupiga kwa utulivu wa hoteli, kinanda kikiwa mbele. Hapa magitaa yanachukua ile njia ya kinanda na kuikaza hadi inakuwa kama waya, na wapulizaji wanaingia juu yake kwa pamoja kama kikosi kinachopita barabarani.

Kisha sikiliza shellela yenyewe, ukiwa peke yako na sauti ukiwa umeipandisha. Usimfuate mzee mwanzoni, mfuate Katherina. Sikiliza jinsi ngoma zinavyojizuia kila anapovuta pumzi, halafu zinavyomsukuma anapoanza mstari mpya. Ukishaushika mwendo huo, rudi kwa saksafoni, na utamsikia mtu anayetaja majina ya waliomtangulia bila kutumia neno hata moja.